Mzee wangu wa Ohio na mwaka wake wa matope Ujerumani

Sisi tulioko huku Marekani tunajua kubeba boksi kuna sura nyingi, na yangu mimi ilikuwa kulea wazee majumbani. Mzee niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote alikuwa fundi wa ndege wa Jeshi la Anga la Marekani, walimpeleka Ujerumani mwaka 1948 akiwa kijana wa miaka 20 kuhudumia ndege zilizokuwa zinapeleka chakula na makaa mji wa Berlin uliofungiwa njia, vita vimeisha miaka mitatu nyuma lakini miji bado vifusi vitupu. Mtaani kwake hapo Dayton, Ohio, watu walimjua kama mzee mkorofi wa nyumba ya kona. Mi nimemjua kama mtu aliyenifundisha mambo ya maisha ya ugenini kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, ndo maana naandika.

Watoto wake waliniambia mapema kabisa, baba habari za jeshi haongelei. Na kweli, ukimuuliza mambo ya vita anakujibu kwa mkato, "mi sikupigana," basi, anageukia dirishani. Sasa asubuhi moja namvalisha zile soksi za kubana miguu, akanishika mkono akaniambia nyoosha hapo kisigino, usiache mkunjo, mkunjo ndo unaleta lengelenge. Nikamuuliza hayo umejifunzia wapi, akasema Rhein-Main, uwanja wa ndege alikokuwa kule Ujerumani, kule matope yalikuwa yanaingia mpaka ndani ya kitanda. Nikauliza kitanda chenyewe kilikuwaje? Aisee, mzee aliongea mpaka chai ikapoa nikaenda kuchemsha nyingine. Kuanzia siku hiyo nikajua mlango wake uko wapi, usimuulize habari za vita wala siasa, muulize alilala wapi, alikula nini, nguo alifulia wapi, nani alimwandikia barua.

Kwa wasioijua hiyo habari ya Berlin kulishwa kwa ndege niieleze kidogo. Baada ya vita Ujerumani iligawanywa sehemu nne, za Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wasovieti, na mji wa Berlin nao ukagawanywa hivyo hivyo, ila Berlin yenyewe ilikuwa ndani kabisa ya eneo la Wasovieti. Juni 1948 nchi za Magharibi zikaleta pesa mpya kwenye maeneo yao, ile Deutsche Mark, Wasovieti hawakukubali, na tarehe 24 Juni wakafunga barabara, reli na mito yote ya kwenda Berlin Magharibi. Watu zaidi ya milioni 2 wako ndani, chakula kipo cha wiki chache tu, makaa ya mawe hivyo hivyo. Kilichobaki wazi ni njia tatu za anga zilizokuwa zimekubaliwa kwa maandishi tangu 1945. Basi Jenerali Lucius Clay aliyekuwa mkuu wa utawala wa Wamarekani kule akaamua mji mzima ulishwe kwa ndege, tarehe 26 ndege zikaanza kuruka, na hazikuacha mpaka Septemba 30, 1949, ingawa Wasovieti walishafungua njia Mei 12 mwaka huo. Jumla zilipelekwa kama tani milioni 2.3 kwa safari zaidi ya 270,000, na sehemu kubwa ya huo mzigo, kama theluthi mbili hivi, ilikuwa makaa ya mawe.

Mzee wangu yeye alikuwa Texas, ametulia zake, akaambiwa fungasha begi unaenda Ujerumani siku 30. Wenzake wengine walitolewa Hawaii, wengine Alaska, wengine Panama, watu wametoka kwenye jua na mashati ya mikono mifupi. Kuna walioacha magari wameyaegesha uwanjani na funguo ndani, kuna walioacha mke mjamzito, maana siku 30 ni nini bwana, unarudi hata mwenye nyumba hajaja kudai kodi. Siku 30 zikawa 60, zikawa 90, zikawa miezi sita, na yeye akakaa zaidi ya hapo.

Aliponiambia hivyo nilinyamaza kwa muda, maana hiyo ndo hadithi ya kila mmoja wetu huku. Nani alitoka Tanga au Moshi akasema naenda Marekani kuzeekea? Wote tulisema miaka miwili, nasoma, napata kamtaji, narudi kujenga. Nikamuuliza mzee, sasa mlikuwa mnaishije kama hujui unaondoka lini? Akaniambia wale waliokuwa wanahesabu siku ndo walioumia. Kulikuwa na kijana kitanda cha jirani amechora kalenda ukutani, kila wakiongezewa muda anafuta anaanza upya, mpaka akawa hali vizuri. Yeye aliacha kuhesabu, akaanza kuweka mambo yake kama mtu anayeishi pale, akatafuta mwanamke wa kijijini wa kumfulia nguo kwa kumlipa sabuni na kahawa, akatengeneza karafu kadogo ka mbao juu ya kitanda, akajifunza Kijerumani cha kuombea mkate na bia. Hilo mi nililichukua kama lilivyo. Nilikuwa naishi Ohio miaka kadhaa na vitu vyangu vyote bado kwenye masanduku, sina hata pazia, wiki ile ile nikanunua pazia.

Turudi kwenye matope. Rhein-Main ni pale Frankfurt, ndo kituo cha zamani cha zile ndege kubwa za gesi za Zeppelin, ile Hindenburg iliyoungua 1937 ilitokea hapo. Kijiografia ni uwanja mzuri, lakini 1948 ulikuwa haujajiandaa kupokea watu wote wale kwa mpigo. Wanajeshi wenyewe waliupa jina Rhein-Mud. Wengine walilala kwenye mahema, wengine kwenye vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi za lami, upepo ukipiga ile karatasi inapiga kelele usiku kucha. Na chumba kimoja kina watu wa shifti tofauti, huyu anaingia saa 6 usiku amejaa grisi, yule anaamka saa 10 alfajiri, mwingine anajaribu kulala mchana na ndege inapita juu ya paa kila dakika tatu. Mzee alisema katika kipindi chote kile hakumbuki usingizi wa saa sita mfululizo hata mara moja. Nikiwa kwenye shifti za usiku mfululizo nilikuwa namuuliza walifanyaje, akaniambia walifunga macho kwa soksi safi, wakaziba masikio kwa pamba waliyoomba kwa mganga wa kambi, na walikubaliana chumba kizima kwamba mwenye kuingia avue buti mlangoni. Sheria ya buti haikutoka kwa ofisa yeyote, waliitunga wenyewe, na aliyeivunja aliikoma.

Kazi yenyewe sasa. Mwanzoni walitumia ndege za C-47, zinabeba kama tani tatu, baadaye zikaja C-54 za injini nne zinazobeba kama tani kumi. Kila injini ina silinda 14, kila silinda plagi mbili za kutoa cheche za kuwasha mafuta, kwa hiyo ndege moja ina plagi 112, na mzee alikuwa mtu wa plagi. Safari za Berlin ni fupi, ndege imejaa mzigo, inaruka, inatua, inaruka, injini inakaa kwenye nguvu kubwa muda mwingi, plagi zinaungua, matairi yanaisha, breki zinaisha. Anakuelekeza jinsi ya kubadilisha usiku nje kwenye baridi, umesimama juu ya ngazi ya chuma, taa inamulika upande mmoja, glavu ni nene huwezi kushika plagi na ukivua vidole vinaganda kwenye chuma. Kwa hiyo anavua glavu ya mkono wa kulia, anafungua plagi moja, anauweka ule mkono kwapani anahesabu mpaka kumi, anafungua nyingine. Aliwahi kunionyesha pale kwenye kiti chake, mkono kwapani, midomo inahesabu, na vidole vyake vya miaka 89 vinazungusha kitu ambacho hakipo. Na asubuhi kabla injini haijawashwa ilibidi wazungushe propela kwa mikono, pala moja baada ya nyingine, watu wawili watatu wanasukuma, kwa sababu kwenye injini za duara, zile silinda zake zimepangwa kuzunguka, oili inashuka usiku inajaa silinda za chini, ukiwasha hivyo hivyo unaipasua.

Halafu kuna vumbi. Makaa yaliwekwa kwenye magunia ya jeshi yale ya turubai, baadaye wakatumia magunia mengine, lakini vumbi la makaa halizuiliki, linapita kwenye sakafu ya ndege linaingia kwenye nyaya za umeme, linaingia kwenye mitambo ya kuongozea, linaingia kwenye mapafu. Unga wa ngano nao hivyo hivyo. Kibaya kuliko vyote ni chumvi, inakula bati la ndege. Waingereza waliliona hilo wakapeleka chumvi kwa ndege zao za majini, Sunderland, zinazotua kwenye maji ya mto Havel pale Berlin, kwa sababu zile zilishatengenezwa zivumilie maji ya bahari. Mzee akifika hapo anatikisa kichwa kwa heshima, anasema huyo aliyewaza hivyo alikuwa fundi, hata kama alivaa nyota za ofisa.

Ndege ikifika saa 200 za kuruka inapelekwa ukaguzi mkubwa, kwanza kulikuwa Oberpfaffenhofen karibu na Munich, kuanzia Novemba 1948 wakahamishia Burtonwood Uingereza. Mzee alipelekwa Burtonwood kwa muda, na hapo ndo pekee nilipomsikia analalamika kwa uchungu. Giza saa tisa mchana, mvua, vyumba havina joto, chakula hakieleweki, na mafundi wanaosukumwa watoe ndege haraka wakati vipuri havijafika. Alisema pale watu waliacha kusalimiana. Rhein-Main palikuwa na matope lakini watu walikuwa wanaongea.

Na waliokuwa wanaongea nao ndo jambo lililonishangaza mno. Mafundi wa Kimarekani hawakutosha, Jenerali William Tunner aliyeletwa mwishoni mwa Julai kusimamia operesheni nzima akaomba ruhusa waajiriwe mafundi wa Kijerumani, watu waliokuwa wakitengeneza ndege za Luftwaffe, jeshi la anga la Hitler, miaka mitatu tu nyuma. Vitabu vya ufundi vikatafsiriwa, Wajerumani wakaingia uwanjani na makoti yao ya zamani yaliyong'olewa alama. Mzee alipangwa na baba mmoja wa makamo, mwembamba sana, ana njaa ya wazi kabisa. Siku za mwanzo hawakuongea, mzee kaka yake alikufa vitani Ulaya, yule Mjerumani naye alipoteza watoto kwa mabomu. Wanapeana spana kimya kimya.

Kilichowafungua ni kazi yenyewe. Kulikuwa na injini inagoma, mzee ameshabadilisha kila kitu, yule baba akaweka sikio kwenye bomba, akamwonyesha kwa kidole waya uliochubuka chini ya klipu, mahali ambapo hata taa haifiki. Basi toka siku hiyo mzee akawa anachukua sandwichi mbili kantini, moja anakula mwenyewe, nyingine anaiweka juu ya sanduku la vifaa anaondoka kama ameisahau. Hakuwahi kumkabidhi mkononi. Nikauliza kwanini usimpe tu? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu, akasema yule alikuwa fundi mkubwa kuliko mimi na umri wa baba yangu, nitampaje mkate kama naye mtoto? Mi nimelelewa Tanga, nimefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kupokea kwa mikono miwili, lakini hiyo heshima ya kumwekea mtu msaada mahali ambapo hatalazimika kusema asante nilifundishwa na Mmarekani wa Ohio. Sasa hivi nikituma hela nyumbani kwa mjomba wangu, ambaye ni mtu wa kujisikia sana, natuma kwa jina la mchango wa shughuli, anapokea kichwa kikiwa juu.

Chakula chao wenyewe kilikuwa cha kutosha, mayai ya unga, maziwa ya unga, nyama ya kopo, kahawa wakati wowote, kantini haifungwi. Lakini kila siku unapakia chakula cha wenye njaa unakijua. Ili kupunguza uzito viazi vilikaushwa kwanza, nyama ikatolewa mifupa, mkate haukusafirishwa, ulisafirishwa unga uokwe huko huko kwa sababu mkate uliookwa umebeba maji na maji ni uzito wa bure. Hii ndo sababu mzee alikuwa hali viazi vya unga kabisa, binti yake alikuwa akileta vile vya pakiti anasogeza sahani pembeni bila neno. Nilimwelewa mara moja, maana mama yangu naye hadi leo ukimtajia unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani miaka ya njaa, anageuza uso, na papo hapo anakwambia tusingekuwepo bila huo unga. Nikamsimulia mzee habari za yanga. Alicheka sana, akaniuliza mlipika vipi, tukaongea mapishi ya chakula cha msaada jioni nzima.

Hela nayo ilikuwa na mambo yake. Wanajeshi hawakulipwa dola halisi, walilipwa makaratasi maalumu ya jeshi yaliyoanza 1946, hata senti tano ilikuwa ya karatasi, ili kuzuia ulanguzi. Na kabla ya ile pesa mpya ya Juni 1948 sigara ndo ilikuwa pesa, sio mfano, kweli kabisa watu walinunua viatu, kamera, piano kwa sigara. Kijana wa miaka 20 mwenye katoni za Lucky Strike alikuwa tajiri kuliko profesa wa chuo kikuu cha Frankfurt. Mzee alifika pesa mpya zimeshaingia, maduka yamejaa vitu ghafla, lakini tabia ilikuwa haijafa, na kahawa bado ilifungua milango. Aliniambia kwa uso mzito kabisa kwamba aliona wenzake wakiharibika, watu wazuri tu waliolelewa kanisani, kwa sababu waligundua kwamba kwa pakiti moja mtu mzima atakuinamia. Mabinti nao, njaa ilisukuma wengi. Kulikuwa na mapenzi ya kweli pia, kuanzia mwishoni mwa 1946 waliruhusiwa kuoana na Wajerumani na wengi walioa, lakini alisema njia rahisi ya kujua ni kuangalia kama yule kijana anakwenda kumsalimia mama mtu.

Kuna siku nilimuuliza kuhusu weusi. Nilikuwa nimelisubiri hilo swali. Rais Truman alitia saini amri ya kuondoa ubaguzi jeshini tarehe 26 Julai 1948, mwezi huo huo ndege zinaruka, lakini amri ni karatasi, mambo yenyewe yalichelewa, Jeshi la Anga lilianza kuchanganya vikosi vyake mwaka 1949. Kwenye vikosi vya malori vya Jeshi la Nchi Kavu vilivyoleta mizigo mpaka kwenye milango ya ndege walikuwemo Wamarekani weusi wengi, na walilala kwao, walikula kwao, klabu zao mbali. Mzee hakunificha. Alisema niliwaona kila usiku, tuliongea kazi, ndege hii tayari, ile bado, na sikuwahi kujiuliza kwanini hatuli pamoja, nilikuja kujiuliza nimeshazeeka. Halafu akasema wale madereva walirudi na lori kwenye ukungu ambao sisi tuliogopa hata kutembea, na kwenye picha zote nilizonazo hawamo. Niliumia, siwezi kusema sikuumia. Lakini nilimheshimu kwa kusema, na nilimwomba alirudie mbele ya wajukuu wake walipokuja Pasaka, akalirudia.

Berlin yenyewe aliiona mara moja tu, aliomba apande kama abiria, akakaa juu ya magunia ya makaa. Kutua Tempelhof, uwanja wa ndege wa pale Berlin, unapita katikati ya majengo ya ghorofa, unaona watu madirishani, anasema aliona mama anamenya kitu jikoni. Kwa utaratibu wa Tunner ndege zilipishana dakika tatu, na baada ya ile Ijumaa mbaya ya Agosti 13, 1948 ambapo ndege zilirundikana juu ya mji kwenye mawingu na nyingine zikaharibika uwanjani, ikapitishwa kwamba ukikosa kutua mara ya kwanza unageuza na mzigo wako unarudi ulikotoka, hamna kuzunguka. Rubani haruhusiwi kwenda mbali na ndege, gari la kahawa na donati linamfuata yeye, na mtu wa hali ya hewa naye anamfuata. Wapakuaji ni Wajerumani, wamekonda, tani kumi wanazishusha kwa dakika ambazo huwezi kumaliza kikombe.

Na pembeni ya uzio watoto. Hao wameshaandikwa sana kwa sababu ya yule rubani Gail Halvorsen, aliyeanza kuwadondoshea chokoleti na bablishi kwa miavuli midogo ya leso, anatikisa mabawa ili wamjue. Halvorsen amefariki 2022 akiwa na miaka 101, na nafurahi alipata heshima yake akiwa hai. Mzee wangu alichangia leso. Leso tu, mama yake alimtumia pakiti nzima kwa posta, akazipeleka. Wakubwa kambini waliweka sanduku na kila mtu alitia alichonacho.

Walikufa watu pia. Wamarekani 31, Waingereza 39, na Wajerumani waliokuwa wakifanya nao kazi. Kwa fundi hilo lina uzito wa aina yake, ndege ikianguka unakwenda kwenye daftari kuangalia ni nani aliigusa mwisho. Mzee alisema alisoma daftari hilo mara moja mikono inatetemeka, jina lake halikuwepo, akaona aibu kwa furaha aliyoisikia, kwa sababu lilikuwepo jina la mwenzake, na mwenzake hakuwa na kosa, ilikuwa ukungu. Usiku ule chumba kizima walikaa na yule kijana mpaka kukakucha, hakuna aliyemwambia pole zenye maneno mengi, walicheza karata. Nimefanya kazi kwenye nyumba ambako mgonjwa kafariki mikononi mwa mwenzangu, na nilichofanya ni kwenda kukaa naye, tukamenya viazi.

Burudani zilikuwepo. Redio ya jeshi, AFN, ilipiga jazi mchana kutwa na Wajerumani nao waliisikiliza kwa siri na wazi. Krismasi ya 1948 Bob Hope alikuja Ujerumani kuwachekesha, mzee alisimama mbali sana hakuona chochote ila alisikia watu wakicheka mbele, kicheko kinasafiri mpaka nyuma anacheka na yeye. Kulikuwa na gazeti lao la kila siku lenye katuni na idadi ya tani za kila kikosi, watu wakashindana kama ligi. Pasaka ya 1949 Tunner akaamua wavunje rekodi, ndani ya saa 24 zikaruka safari karibu 1,400 na tani karibu 13,000 za makaa. Mzee kuhusu siku hiyo alichokumbuka ni kwamba mvua haikunyesha.

Mwaka kabla hajafariki nilimpeleka makumbusho ya Jeshi la Anga pale pale Dayton, kiingilio bure, kubwa ajabu. Wana ndege inaitwa Sacred Cow, ni C-54 iliyotengenezwa maalumu kwa Rais Roosevelt, ina lifti ndogo ya kumpandisha na kiti chake cha magurudumu, na ndani ya ndege hiyo hiyo Truman alitia saini sheria ya 1947 iliyoanzisha Jeshi la Anga. Mi nikataka nimwonyeshe hiyo lifti, kwa sababu na yeye yuko kwenye kiti. Hakuitaka. Akaniambia nimsogeze kwenye injini namba tatu. Nikamsogeza. Akaangalia juu muda mrefu, akaanza kunitajia silinda moja moja, ipi plagi yake inatoka kirahisi na ipi inakataa, na kijana mmoja mwenye familia yake akasimama kusikiliza, na mwingine, mpaka likawa darasa, watu kama kumi hivi, watoto wameketi sakafuni. Kijana akamuuliza, mzee ulikuwa rubani? Akasema hapana, mi nilikuwa wa plagi, akaendelea pale alipoishia.

Binti yake baada ya msiba aliniomba nimwandikie yote niliyoyasikia, maana wao hawakuwahi kuyasikia, nikamwandikia kwa Kiingereza kurasa nyingi. Hii ya Kiswahili nimeiandika kwa ajili yetu. Sasa hivi namlea bibi mmoja aliyekuwa mke wa mwanajeshi, aliishi kambi ya Tachikawa karibu na Tokyo miaka ya hamsini, naye watoto wake wameniambia hasemi kitu. Wiki iliyopita nilimuuliza sabuni alikuwa ananunua wapi, na leo ameniahidi ataniambia habari za jiko la mafuta lililomlipukia na jirani yake wa Kijapani aliyekuja kuzima kwa godoro.